Linux Mint Xfce kwenye kompyuta mpakato ndogo: tathmini ya matumizi ya kila siku

Kompyuta mpakato ninayoieleza hapa ni ndogo kwa kila kipimo. Skrini yake ni ya inchi 11.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, prosesa ni Celeron ya viini viwili, RAM ni GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao mama kiasi kwamba haiwezi kuongezwa, na hifadhi ni eMMC, yaani chipu ya hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao, ya GB 64. Mashine za namna hii zimeuzwa kwa wingi kwa wanafunzi, waandishi na watu ambao kazi yao haizidi kivinjari, barua pepe, nyaraka na video, na nyingi zimeishia kabatini kwa sababu wenyewe waliamini zimechoka. Baada ya kuitumia hii kwa kazi zangu zote za kila siku ikiwa na mfumo endeshi wa Linux Mint, toleo la Xfce, naamini kwamba nyingi kati ya hizo zililemewa tu na mfumo mkubwa kuliko uwezo wake. Nitaeleza ni mzigo upi uliopungua, ni upi uliobaki palepale, na ni nani asijisumbue kuhama.

Suala hili limepata uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa, orodha ambayo kwa upande wa Intel inaanzia kwa sehemu kubwa kizazi cha nane. Kompyuta nyingi ndogo hukwama kwenye sharti la prosesa hata pale zinapotimiza masharti mengine, na zile zinazopenya hupenya katika kiwango cha chini kabisa, ambacho kinatosha kuuwasha mfumo lakini hakiachi nafasi ya kufanyia kazi. Mwenye kompyuta hiyo anabaki na njia tatu: kuendelea na mfumo ambao hatimaye hautapokea tena marekebisho ya usalama, kununua mashine nyingine, au kubadilisha mfumo endeshi. Njia ya tatu haina gharama ya leseni, lakini ina gharama ya muda na ya mazoea, na gharama hiyo inastahili kupimwa kwa uaminifu.

Linux yenyewe ni kerneli tu, yaani ile sehemu ya ndani inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa, ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Anachosakinisha mtu ni distro, yaani kerneli hiyo pamoja na mamia ya programu zilizokusanywa na kupimwa ili zifanye kazi kwa pamoja. Mint ilianza mwaka 2006. Msingi wake ni Ubuntu, na Ubuntu nayo imejengwa juu ya Debian iliyoasisiwa mwaka 1993. Nasaba hii ina faida ya wazi kwa mtumiaji wa kawaida, kwa kuwa karibu kila maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu yanafaa pia kwenye Mint, na kampuni inayotoa programu yake kwa ajili ya Linux kwa kawaida huanza na Ubuntu au Debian. Mfululizo wa Mint 22, ambao ndio ninaoutumia, umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na umeahidiwa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029.

Mint hutolewa katika sura tatu za eneo-kazi, yaani madirisha na menyu anazoziona mtumiaji, ambazo ni Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon inapendeza zaidi machoni na ndiyo inayopewa kipaumbele na watengenezaji, lakini kwenye RAM ya GB 4 na chipu dhaifu ya picha, kile inachokula hakilingani na kile inachorudisha. Xfce, mradi ulioanza mwaka 1996, haina mbwembwe: ina menyu, paneli, kidhibiti cha mafaili na mipangilio inayoeleweka, na dirisha likifunguliwa linafunguka hapo hapo. Kompyuta yangu ikishawaka na kutulia bila programu yoyote kufunguliwa hutumia chini ya GB 1 ya RAM. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, kwa sababu kila kinachobaki ni cha kivinjari.

Zipo distro nyepesi kuliko hii. Lubuntu hutumia mazingira ya LXQt, na antiX imekusudiwa mashine kongwe zenye kumbukumbu ndogo zaidi. Kwa mwenye GB 4 sioni sababu ya kwenda huko, kwa maana megabaiti mia mbili au tatu atakazookoa zitamezwa na kichupo kimoja cha kivinjari, ilhali atakosa zana za Mint za kusasisha, kutafuta madraiva (programu zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa) na kurudisha mfumo katika hali ya awali. Mwenye prosesa ya biti 32 hana nafasi hapa, kwani Mint yenye msingi wa Ubuntu iliacha kumhudumia tangu toleo la 20 la mwaka 2020, na Debian 13 ya mwaka 2025 nayo haitoi tena kisakinishi cha mashine za aina hiyo.

Faili la usakinishaji lina ukubwa wa karibu GB 3. Lipakuliwe kupitia tovuti ya mradi wenyewe, kisha lihakikiwe kwa alama yake ya SHA256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likichezewa) na kwa sahihi ya kidijitali ya mradi kabla ya kuandikwa kwenye flashi. Watu wengi huiruka hatua hii wakiiona ni ya wataalamu. Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha toleo la 17.3 la Cinnamon kwenye faili lililochezewa, lenye programu ya kumpa mvamizi udhibiti wa kompyuta. Mradi uligundua jambo hilo mapema na kulitangaza waziwazi, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sifa, lakini tukio hilo linaonyesha kwa nini sahihi ya kidijitali ina maana kuliko alama peke yake: anayeweza kubadilisha kiungo kwenye ukurasa anaweza pia kubadilisha alama iliyoandikwa pembeni yake, ila hawezi kughushi sahihi bila ufunguo wa siri wa mradi.

Flashi hiyo hiyo huiwasha Mint nzima bila kugusa diski, na sehemu hii ya jaribio isipitwe haraka. Kwanza ni Wi-Fi, kwa kuwa baadhi ya chipu zake huhitaji draiva isiyo huria ambayo haimo ndani ya kerneli, na mashine isiyo na tundu la waya wa mtandao itashindwa kuipakua. Katika hali hiyo simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kushiriki intaneti yake hutambuliwa na Mint mara moja, kisha programu ya madraiva huonyesha kinachokosekana. Baada ya Wi-Fi nashauri kupima sauti, kamera, vitufe vya mwangaza, na usingizi wa mashine, yaani kufunga kifuniko, kungoja kidogo, kukifungua na kuona kama Wi-Fi na sauti vinarudi. Baadhi ya kompyuta ndogo zenye prosesa za Atom zina chipu za sauti ambazo kerneli ilichelewa sana kuzimudu, na baadhi zina prosesa ya biti 64 lakini programu ya kuwashia ya biti 32, jambo linalofanya flashi iliyoandikwa vizuri isionekane kabisa kwenye menyu ya kuwashia. Ni afadhali kuyajua hayo kabla ya kufuta chochote.

Usakinishaji wenyewe haustahili maneno mengi. Unachagua lugha na kibodi, unakubali kuongezewa kodeki za sauti na video, yaani programu za kuzifasiri, unachagua kufuta diski nzima au kusakinisha pembeni ya mfumo uliopo, unaandika jina na nywila, na hakuna akaunti ya mtandaoni inayodaiwa. Mambo mawili tu yasisahaulike. La kwanza ni nakala ya mafaili yote kwenye diski ya nje, pamoja na ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (ulinzi wa Windows wa kufunga diski kwa msimbo) kwa mwenye diski iliyofungwa kwa njia hiyo. La pili ni kwamba kuweka mifumo miwili kwenye hifadhi ya GB 64 ni kuinyima nafasi kila mmoja wao. Mwenye diski kubwa anayetaka kubaki na Windows kwa sababu za msingi azime kwanza uwashaji wa haraka wa mfumo huo, kwa sababu usipozimwa Windows huiacha sehemu yake ya diski kana kwamba bado inatumika, na Linux hukataa kuandika humo. Atakuta pia saa inapishana kila anapohama mfumo, kwani Linux huchukulia kuwa saa ya ubao mama inafuata UTC, yaani saa rasmi ya dunia, na Windows huchukulia kuwa inafuata saa za mahali. Amri moja ya timedatectl humaliza ugomvi huo.

Sasa nije kwenye kukaa na mashine hii siku nzima. Kinachomchosha mtu kwenye kompyuta ndogo, kabla hata ya prosesa, ni ufupi wa skrini kwa wima. Pikseli 768 zikitolewa paneli ya chini, upau wa kichwa cha dirisha, vichupo vya kivinjari na upau wa anwani, maandishi yanayobaki kusomwa hayafiki hata theluthi mbili za ukurasa wa kawaida. Xfce inakubali kupangwa upya kwa kiwango ambacho sijakiona katika mazingira makubwa, na hapo ndipo ilipojipatia heshima yangu. Paneli inahamishwa kutoka chini na kusimamishwa wima upande wa kushoto, ambako upana hauna uhaba, na hivyo skrini hurudishiwa urefu wake. Ukiingia katika mipangilio ya Firefox kwa kuandika about:config na kuwasha kipengele cha browser.compactmode.show, unapata chaguo la upau mwembamba zaidi. LibreOffice, programu ya nyaraka, nayo ina mpangilio wa kubakisha mstari mmoja tu wa vitufe. Kila badiliko peke yake ni dogo, lakini kwa pamoja yanaongeza mistari kadhaa ya maandishi kwenye skrini, na kwa anayeandika au kusoma nyaraka ndefu mistari hiyo ni raha ya siku nzima.

Lipo tatizo moja ambalo kila mwenye skrini hii atakutana nalo. Baadhi ya madirisha ya mipangilio yalibuniwa kwa skrini ndefu, kwa hiyo kitufe cha kuthibitisha kinajificha chini ya ukingo, na mtumiaji mgeni hubaki akidhani programu imeharibika. Kwenye Xfce ukibonyeza Alt na kuliburuta dirisha kutoka mahali popote ndani yake, linapanda hadi sehemu yake ya juu inatoka nje ya skrini na kitufe kinaonekana. Hili lingepaswa kuandikwa kwenye dirisha la makaribisho ambalo Mint humwonyesha mtumiaji mpya, kwa kuwa lina manufaa kuliko nusu ya yale yaliyomo.

Kumbukumbu ndiyo uwanja ambao hukumu ya tathmini hii inapatikana. Linux imepunguza mzigo wa mfumo, lakini haikupunguza uzito wa tovuti, na mtu yeyote anayeahidi kwamba kompyuta ya GB 4 itakuwa mpya kabisa anaficha ukweli huo. Kichupo kimoja cha barua pepe au cha mtandao wa kijamii huweza kuchukua megabaiti mia kadhaa. Nikiwa na barua pepe, hati moja ya mtandaoni, ukurasa wa habari na LibreOffice, kazi inakwenda bila kusitasita. Nikiongeza mkutano wa video juu ya hayo, mashine inaanza kuhema. Kumbukumbu ikijaa kabisa katika mpangilio wa kawaida, Linux haina adabu: kishale cha kipanya kinaganda, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na dakika nzima inaweza kupita kabla ya kitufe chochote kusikilizwa, kwa sababu mfumo unahangaika kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye eMMC ambayo ni ya polepole.

Tiba ipo, na nasikitika kwamba mtumiaji anaachiwa aitafute mwenyewe. Kerneli ina uwezo uitwao zram, ambao hutenga sehemu ya RAM na kuhifadhi humo kurasa zisizotumika kwa kuzibana, hivyo data nyingi hukaa katika nafasi ndogo bila kupelekwa kwenye diski. Prosesa hufanya kazi ya ziada kidogo kubana na kubanua, lakini hata Celeron hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa kuliko eMMC inavyoandika, na hifadhi yenyewe hupunguziwa uchakavu. Kifurushi cha zram-tools kinapatikana katika hazina ya programu za Mint na husakinishwa kama programu nyingine yoyote. Pembeni yake naweka earlyoom, programu ndogo inayoangalia kumbukumbu na kufunga mchakato mzito zaidi kabla mashine haijaganda, hivyo badala ya kupoteza kazi yote unapoteza kichupo kimoja unachoweza kukifungua tena. Vitu hivi viwili vilibadilisha tabia ya kompyuta yangu kuliko marekebisho mengine yote, na ningependa kuona toleo la Xfce linakuja navyo tayari linapotambua RAM ya GB 4 au pungufu.

Kwa upande wa kivinjari nashauri Firefox, ambayo Mint huja nayo, pamoja na uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Matangazo ya kisasa ni programu kamili zinazokula kumbukumbu na prosesa, na kuyazuia kwenye mashine ndogo ni hatua ya utendaji kabla ya kuwa suala la faragha. Chrome imehamia utaratibu mpya wa viongezi ambao hauliruhusu toleo kamili la uBlock Origin, wakati Firefox inaendelea kulikubali.

Video inahitaji uangalifu wa namna yake. Chipu ya picha ya kompyuta ndogo kwa kawaida inaweza kufasiri video ya muundo wa H.264 bila msaada wa prosesa, lakini tovuti kubwa za video hupenda kutuma miundo mipya ya VP9 au AV1, na chipu isiyoifahamu huiachia prosesa kazi yote. Matokeo yake ni feni inayovuma, au sehemu ya chini inayopata joto kwa mashine isiyo na feni, na picha inayorukaruka. Kipo kiongezi cha kivinjari kiitwacho enhanced-h264ify kinacholazimisha tovuti itume H.264, nacho kikishawekwa video ya kiwango cha 720 huonekana vizuri huku nikiendelea kuandika kwenye dirisha jingine. Kwa skrini ya pikseli 768 kwa wima, kuomba kiwango cha juu zaidi ya hicho ni kuipa mashine kazi isiyoonekana. Mafaili ya video yaliyomo kwenye diski hayana tatizo.

Nyaraka ndizo zinazowatia watu wengi hofu, kwa hiyo nitazieleza kwa kina kidogo. LibreOffice ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010 na sasa ndiyo inayokuja na karibu kila distro ya kawaida. Inafungua na kuhifadhi docx, xlsx na pptx. Barua, ripoti na jedwali la kawaida hupita salama. Kinachovuruga mpangilio mara nyingi ni fonti: hati iliyoandikwa kwa Calibri au Cambria ikifunguliwa mahali ambapo fonti hizo hazipo hubadilishiwa fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inakatika pengine, na ukurasa wa tatu unajikuta umekuwa wa nne. Fonti za Carlito na Caladea zilichongwa zikiwa na vipimo vile vile vya Calibri na Cambria kwa makusudi hayo, na familia ya Liberation inachukua nafasi ya Times New Roman na Arial kwa namna hiyo hiyo. Kabla ya kuilaumu LibreOffice, hakikisha fonti hizi zimo. Ufuatiliaji wa mabadiliko na maoni ya pembeni navyo hurudi kwa mwenzako vikiwa salama katika hati za kawaida. Mahali ambapo sipendekezi kuitegemea ni jedwali lenye makro nyingi za VBA, yaani amri za kujiendesha za Microsoft Office, na wasilisho lenye uhuishaji mwingi, kwani humo utangamano ni wa nusunusu. Hati ya mwisho isiyohitaji kuhaririwa tena itumwe kama PDF. Anayeandika kwa lugha yetu aongeze kifurushi cha hunspell-sw ili apate ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili, ingawa orodha yake ya maneno bado inapigia mstari mwekundu maumbo mengi ya vitenzi yaliyo sahihi kabisa.

Masasisho kwenye Mint hayamshurutishi mtu. Ngao ndogo kwenye paneli inaonyesha kwamba yapo, unayafungua unapotaka, unaona orodha na ukubwa wake, na kazi yako inaendelea wakati yanasakinishwa. Kwa kawaida ni kerneli mpya ndiyo inayoomba kuwasha upya, na hata hiyo inasubiri wakati wako. Kwa mtu aliyezoea kufungua kompyuta dakika chache kabla ya kikao na kukuta inajisasisha, utulivu huu una thamani kubwa. Hata hivyo, uhuru huo unaweka jukumu mkononi mwa mtumiaji, na ngao isiyobofywa kwa miezi ni kompyuta isiyo na ulinzi. Kwa mtu ambaye unajua hataibofya, washa masasisho ya kujiendesha yaliyomo katika mapendeleo ya programu hiyo hiyo.

Hifadhi ndogo inadai nidhamu ya ziada. Timeshift, zana ya Mint ya kutunza nakala za hali ya mfumo, ni mkombozi siku sasisho linapoleta hitilafu, ila nakala yake ya kwanza ina ukubwa unaokaribia wa mfumo mzima, na zinazofuata huongeza kile kilichobadilika tu. Kwenye GB 64 nimeiwekea kikomo cha nakala mbili. Kerneli za zamani nazo hurundikana, na programu ya masasisho ina chaguo la kuziondoa yenyewe. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa programu za Flatpak, yaani zinazosambazwa nje ya hazina ya mfumo kwa ajili ya distro yoyote: zinapatikana kwa urahisi katika duka la programu la Mint, lakini ya kwanza huja na maktaba zake zenye ukubwa wa mamia ya megabaiti. Programu ikipatikana kama Flatpak na pia katika hazina ya Mint, kwenye mashine ndogo chagua ile ya hazina isipokuwa toleo lake ni la zamani mno kwa kazi yako.

Printa za miaka ya karibuni zinazopokea kazi kwa mtandao hujitokeza zenyewe bila draiva, kupitia CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, na skana nyingi hufuata mkondo huo. Printa kongwe za leza zinazotegemea draiva ya mtengenezaji zinaweza kukosa kabisa njia ya kufanya kazi, kwa hiyo modeli yake ichunguzwe mapema. Kuhusu betri, sikuona muujiza na simwahidi mtu. Kifurushi cha TLP husaidia kwa kulaza vifaa visivyotumika, lakini mwangaza wa skrini na idadi ya vichupo vina uzito zaidi katika suala hili kuliko mpangilio wowote. Padi ya kugusa inafanya kazi vizuri kwa kubofya na kusogeza kwa vidole viwili, ila ishara za vidole vitatu zilizozoeleka katika mifumo mingine hazimo katika Xfce 4.18 ambayo Mint 22 inaitumia, na huu ni upungufu ninaouhisi kila siku.

Wapo ambao sitawashauri kuhama hata kidogo. Anayeishi kwa Photoshop au kwa Excel yenye makro za ofisini asidhani kwamba Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, itamfanyia kazi hiyo kwa uhakika. Matoleo ya Microsoft 365 ya ndani ya kivinjari yanafunguka vizuri, lakini hayana kila kitu kilichomo katika programu kamili. Mwanafunzi ambaye chuo chake kinatumia programu ya kusimamia mitihani ya mtandaoni aulize kwanza, kwani nyingi ya programu hizo hazikubali Linux. Michezo mikubwa ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu mara nyingi hukataa pia, ingawa kwenye Celeron hilo si pigo kubwa. Lakini kwa mwenye kuandika, kusoma, kuhudhuria mkutano wa Zoom ambao una programu yake ya Linux, kujibu ujumbe kupitia WhatsApp ya kivinjari, kutazama video na kutunza hesabu zake, sioni kitu cha lazima anachokosa, na naipendekeza Mint Xfce kwake bila kusita.

Kwa anayefikiria kununua kompyuta ndogo iliyotumika mahsusi kwa kazi hii, aangalie mambo mawili kabla ya umri wa prosesa: kama RAM inaweza kuongezwa hadi GB 8, na kama kuna tundu la SSD badala ya eMMC iliyochomelewa. Kwenye mashine yenye vyote viwili, karibu kila tahadhari niliyoitoa kuhusu kumbukumbu na nafasi ya diski hupungua uzito, na mkutano wa video pamoja na vichupo kumi huacha kuwa jambo la kupanga mapema. Apeleke flashi yenye Mint anapokwenda kuikagua, aombe kuiwasha nayo, na afunge na kufungua kifuniko hapo hapo mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.